Siku Redio Yangu Ilipotaja Mahari ya Jirani

Jamani, hii aibu nilikuwa nimeapa nitazikwa nayo, lakini kwa vile siku hizi siwezi kupita pale buchani Kitengela bila mtu kunipigia kelele, "Mama Mutheu, leo ni ng'ombe ngapi?", heri mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjaipata kwa wengine ikiwa imeongezwa chumvi (na chumvi iliyomo tayari inatosha).

Kwanza mjue kwamba kazi yangu ni kufunga dishi za TV, kuanzia hapa Kitengela mpaka Isinya, na nikiwa juu ya mapaa ya watu huwa najigamba kwamba mambo ya mawimbi hayanipigi chenga. Na nyumbani niko na redio, si ile ya kusikiliza taarifa ya habari bali ile ya kuongea, unasoma, unafanya mtihani, unapewa leseni na jina lako la hewani, halafu unavuta waya mrefu nje ya nyumba, unaita, na mtu wa nchi ambayo hutawahi kukanyaga anakuitikia bila simu wala bando. Musyoka, mume wangu, huiita mume wangu wa pili, na wakati mwingine anauliza kama huyo mwenzake amekula.

Shida ilikuwa mlingoti wa huo waya. Majirani walikuwa wameanza kunung'unika kwamba unaita radi na pia unafukuza mvua (mambo hayo mawili yanawezekanaje pamoja, waulizeni wao), mpaka Mzee Lemayian, ambaye tumepakana ua na ndiye mwenyekiti wa majirani, akaniita kando.

"Mama Mutheu, mimi sina shida na hiyo chuma yako," akasema. "Lakini siku itasumbua mtu, itashuka."

Mzee huyo hasemi kitu mara mbili. Nikaondoka pale nikijua kwamba mlingoti wangu unasimama kwa hisani yake, na kwamba ukishuka, basi ndoto yangu ya miaka imeshuka nao.

Ikafika wikendi ya shindano kubwa la redio duniani, lile la kuongea na watu wengi iwezekanavyo ukiwa nyumbani kwako, na ndilo lingekuwa langu la kwanza. Kumbe Jumamosi hiyohiyo ndiyo wageni kutoka Nyeri walikuwa wanakuja kwa Mzee Lemayian kuzungumza mahari ya binti yake Nashipae. Nikamwambia Musyoka atangulie atuwakilishe, mimi ningetokea wakati wa nyama.

Sasa sikieni ujinga wa fundi. Asubuhi nilipotoka kuangalia waya wangu, nikaona hema la sherehe limesimamishwa karibu kabisa na ua, na lina nguzo ndefu, nzuri, zimenyooka, na mimi waya wangu mwisho wake ulikuwa umefungwa kwenye kigingi cha ua, chini kama kamba ya kuanikia nguo. Nikajiambia, nguzo ya bure hii, nani atajua? Nikafungua ncha ya waya, nikaifunga juu ya nguzo ya hema kwa kipande cha kamba, nikajipongeza. Kwamba chini ya nguzo hiyohiyo walikuwa wamepitisha nyaya zote za spika na maikrofoni, hilo niliona kwa macho yangu mawili na halikuniambia kitu.

Nikarudi ndani, nikafunga dirisha, nikazima simu, nikavaa hedfoni, na kwa sababu chumba chetu kina mwangwi, nikajifunika blanketi kichwani mimi na maikrofoni yangu. Joto la mchana wa Kitengela mnalijua. Nilikuwa natoka jasho kama niko ndani ya sufuria, lakini nikaita, "CQ contest! CQ contest!", yaani yeyote aliye kwenye shindano anijibu, na dunia ikaitika. Wajapani, Waitaliano, Wabrazili, wote wanamtafuta mtu wa Kenya! Mimi ambaye maisha yangu yote nimepanga foleni, leo watu wananipangia mimi. Jamani, nilifurahi mpaka machozi yakachanganyika na jasho.

Na katika shindano lile kila unayempata unamwambia maneno yaleyale: "Fifty-nine, thirty-seven." Hamsini na tisa maana yake nakusikia vizuri sana, na thelathini na saba ni namba ya eneo letu la dunia. Unashukuru, unamtakia heri kwenye shindano, unaita mwingine.

Yaliyokuwa yakiendelea hemani nilisimuliwa baadaye na Musyoka, na mpaka leo akiyasimulia hushikilia kiti. Spika zilianza kukoroma. MC akazigonga, akazipuliza, akamlaumu fundi wake. Mnajua wimbi la redio likiingia kwenye spika kwa nguvu linatoka limekwaruza kama bata mwenye mafua, lakini ukirudia neno moja asubuhi nzima, hata bata ataeleweka. Basi Mzee Njogu, msemaji wa wageni, akasimama, akashukuru kwa mapokezi, akasema kwa heshima zote, "Sasa wenyeji mtuambie. Kwa mila yenu, ni ng'ombe ngapi?"

Wazee wa Lemayian wakainamiana kushauriana, na spika ikajibu, "Fifty-nine!"

Wageni wakatazamana. Kwa kawaida wazee wale hutaja ng'ombe wachache tu wa mila, na blanketi, na asali, na mzee mwenyewe alikuwa ameshasema hauzi mtoto. Mzee Njogu akakohoa. "Wazee, hamsini na tisa si ni wengi kidogo?"

"Thirty-seven," spika ikasema.

"Wamepunguza!" mama mmoja wa Nyeri akasema kwa sauti.

Mzee Lemayian akasimama, amekasirika, akaapa kwamba hakuna mtu wake ameongea, na hapo ndipo bata akamalizia, "Thank you, and good luck in the contest!" Kijana mwenyewe, Kamau, ambaye alikuwa ameketi kwa adabu tangu asubuhi, akaruka. "Contest gani? Kwani kuna mwingine ameleta posa?" Nashipae akaanza kulia kule ndani, shangazi zake wakatoka mbio, na Musyoka, ambaye alikuwa amepigia simu yangu iliyozimwa mpaka kidole kikachoka, akainuka polepole akasema, "Wazee, hiyo sauti naijua. Naamka nayo kila siku."

Mimi nilihisi tu blanketi likiondolewa kichwani. Mbele yangu alikuwa amesimama Mzee Lemayian na fimbo yake, nyuma yake Mzee Njogu, Kamau, MC na mume wangu. Mimi nywele zimelowa, nimevaa dera la nyumbani, mdomo bado uko wazi.

"Takwenya," mzee akanisalimu kwa Kimaasai, maana salamu ni salamu hata siku ya msiba.

"Iko," nikaitika, nikatamani ardhi inimeze na redio yangu.

Nilieleza kila kitu mbio mbio, waya, nguzo, nyaya za spika. Kamau hakuamini, akataka kusikia hiyo contest kwa masikio yake. Nikachomoa hedfoni ili wote wasikie, nikaita mara moja, na mtu wa Ufini akajibu bila kukawia: "Fifty-nine, fifteen."

Mzee Njogu akafikiri. "Huyu angalau ameshuka mpaka kumi na tano," akasema. "Tungeenda kuposa kwake."

Mzee Lemayian ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na kicheko kikatoka nje kikafika hemani, kwa sababu bila kujua nilikuwa nimebonyeza tena kitufe cha kuongea na bata alikuwa anacheka pamoja nao.

Lakini moyo wangu ulikuwa bado kwa mlingoti. Nilipofungua ule waya na kusimama mbele ya hema kuomba msamaha, nikamwambia mzee mbele ya watu wote, "Ulisema siku itasumbua mtu itashuka. Kesho nitaishusha mwenyewe."

Akamgeukia Mzee Njogu. "Imekusumbua?"

"Sisi tulitoka Nyeri tukiogopana," Mzee Njogu akasema. "Sasa tunajuana. Wacha isimame."

Mazungumzo yakaisha vizuri kabla nyama haijapoa, Nashipae akatoka amepangusa macho akanikumbatia (akaninong'oneza kwamba hamsini na tisa haikuwa mbaya sana), na ikabaki tu kupanga tarehe ya harusi. Hapo Mzee Lemayian akaagiza nipewe maikrofoni.

"Mama Mutheu, sema wewe. Ni wikendi gani hauna hayo mashindano yako, ndio sisi tumwoze mtoto bila kupandishiwa bei?"

Watu wakacheka, wakaningoja. Ukweli ni kwamba wikendi isiyo na shindano la redio mahali fulani duniani haijaumbwa, na moyoni nilikuwa nimeshajiapia kwamba sitafunga tena waya wangu mahali bila kubisha hodi kwa mwenye nguzo. Nikamtazama yule mzee, nikautazama mlingoti wangu umesimama juu ya ua.

"Wikendi yoyote, Mzee," nikasema. "Nitakuwa hapa."