Mwanasesere Aliyefungwa Mdomo

Kuna mzazi mmoja aliyenifanya nichukie maneno "kucheza tu". Alikuja kwenye darasa langu la awali, huku Kyimo, akasimama mlangoni na mabuti yake ya matope, akaniambia binti yake hakuletwa hapa kuchezea wanasesere. Alitaka aandike. Ile kona ya nyumbani, pembe ya darasa yenye mafiga, sufuria kuukuu na wanasesere niliowasuka kwa maganda makavu ya mgomba, aliiita upuuzi, akataka niiondoe. Mimi nina kichwa kigumu, na hasira zangu ziko karibu. Nilimjibu kwamba mtoto wa miaka mitano hukicheza kwanza kile atakachokuja kukisema baadaye, na kona haitoki. Akaondoka akitema mate uani.

Baadaye yeye mwenyewe akaanza kumleta mtoto asubuhi. Kabla ya hapo aliletwa na mama yake, mwanamke mpole aliyependa kuchungulia dirishani kidogo kabla ya kwenda kuchuma chai. Nilipomuuliza baba, akasema mama ameenda msibani Masoko. Sikushuku kitu. Misiba yetu ni mirefu.

Asubuhi moja mvua ilituzuia kutoka nje, nikawaacha watoto wacheze kwenye kona zao. Yule binti akachukua mwanasesere, akamshika kichwani na kuanza kumpigiza sakafuni. Hakuwa akicheka. Akampiga kwa mwiko, akamkanyaga, akaukunja mkono wake mpaka ganda likakatika. Wenzake wakasogea nyuma. Nilikuwa naenda kumnyang'anya, nikajizuia, kwa sababu alikuwa ameanza jambo jingine. Alimfunga kitambaa mdomoni, akamsukuma chini ya benchi, kisha akaziba mbele kwa sufuria.

Nikachuchumaa kando yake, nikamuuliza huyo ni nani.

"Mama," akasema. "Yuko stoo."

"Na kitambaa?"

"Asilie. Akilia, baba anarudi."

Nilimwachia msaidizi wangu watoto, nikaenda kwa balozi wa nyumba kumi wa mtaa wetu, ambaye alianza kunieleza kwamba mambo ya mke na mume ni ya ndani. Nikamwambia basi nitauvunja mlango peke yangu, nikachukua shoka lake lililokuwa limeegemea ukuta. Akanifuata, na wachuma chai tuliokutana nao njiani wakatufuata pia.

Stoo ilikuwa nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, imefungwa kwa kufuli. Nilipiga lile kufuli mpaka likaruka. Mama alikuwa amelala juu ya magunia ya mahindi, mkono umevimba na kupinda, jicho moja halifunguki, kitenge kimefungwa mdomoni. Nilipomfungua, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza mtoto yuko wapi.

Baba alitokea migombani na panga. Alinipiga begani kwa ubapa, nikaanguka kwenye matope, na kama wachuma chai wasingemrukia, pigo la pili lingekuwa la makali. Walimwangusha wakaanza kumpiga, mateke ya mbavu, magongo ya mgongo, mtu mmoja akaokota jiwe. Nami nilitaka. Nasema wazi, nilitaka lile jiwe lishuke. Nilikuwa nainuka kuongeza la kwangu nilipomwona yule binti amesimama kwenye migomba, ameloa chapachapa. Alikuwa amemtoroka msaidizi wangu akatufuata. Hakuwa akilia. Alikuwa akitazama kwa makini, kama anavyonitazama ninapowafundisha kitu kipya.

Nilijitupa katikati yao nikamshika mkono yule mwenye jiwe.

"Acheni. Mtoto anaangalia," nikasema. "Kesho atakicheza hiki."

Akaliachia jiwe likaanguka. Walimfunga kamba yule baba, wakampeleka polisi Tukuyu, na mama akapelekwa hospitali. Bega langu bado linauma kukiwa na baridi, na huku kwetu baridi haikosekani.

Siku binti aliporudi darasani, mzazi mwingine alikuwa mlangoni akiniuliza, kwa heshima zote, watoto wataanza lini kuandika badala ya kucheza. Macho yangu yalikuwa kwenye kona. Binti alikwenda huko moja kwa moja, akaondoa sufuria, akamtoa mwanasesere chini ya benchi. Nilikuwa sijamruhusu mtu kumgusa tangu siku ile. Akamfungua kitambaa, akamkalisha mapajani.

"Lia sasa," akamwambia.

Akasubiri kidogo. Kisha akaanza kulia yeye, kwa sauti kubwa, mara ya kwanza tangu nimjue, nami nikakaa sakafuni karibu yake bila kumnyamazisha.