Bibi Philomena Wandjal, Mtetezi wa Makaburi ya Jirrabin

Alizaliwa msimu wa mvua wa mwaka 1924, kando ya Mto Jirrabin, kaskazini-magharibi ya Australia, katika watu wetu, wenyeji wa asili walioishi hapo tangu zamani zisizo na hesabu. Angali mtoto mdogo, askari wa farasi, kwa amri ya serikali iliyowatenga watoto wetu na wazazi wao, walimpokonya mikononi mwa mama yake wakampeleka misheni. Huko alibatizwa, akachapwa kila alipotamka neno la Kijirrabin. Imani aliipokea, lugha hakuiacha. "Kristo alifika mtoni kwetu kitambo," alizoea kusema akicheka, "mapadre ndio waliochelewa."

Alirudi kwao akiwa mtu mzima, akawa mpishi katika ranchi ya ng'ombe. Mwaka 1963 kampuni ya madini ilileta matingatinga ipasue barabara katikati ya makaburi yetu. Philomena aliivua aproni, akawaita wanawake, wakaketi mbele ya mitambo.

Mkuu wa polisi alimwamuru aondoke. "Mama, hii ni ardhi ya serikali."

"Sogea kidogo, mwanangu," alimjibu. "Umemkanyaga shangazi yangu."

Yule mkuu alitazama chini, akarudi nyuma, akavua kofia. Hata hivyo alimtia pingu.

Gerezani alitembelewa na Padre Conroy wa misheni, aliyemsihi aombe radhi ili aachiwe. "Nimwombe nani, Padre?" aliuliza. "Labda wafu wangu, maana nimewaacha na wageni." Padre aliondoka. Philomena alipomaliza kifungo alikwenda moja kwa moja makaburini, akawakuta wenzake wangali wameketi, na Padre Conroy yumo kati yao, kanzu imejaa vumbi jekundu, akiadhimisha Misa. Kampuni ilichoka, ikahama. Mwaka 1978 serikali iliturudishia ardhi yote.

Wazee husimulia kwamba moto wa nyika ulipoyavamia makaburi, alisimama akauambia upepo kwa Kijirrabin, "Wewe, geuka!" Ukageuka, na nyasi za pale hazikuungua.

Alifariki mwaka 1991. Kwa desturi yetu jina lake lilinyamaziwa kwa heshima, mpaka familia yake iliporuhusu litamkwe. Sasa tunalitamka kanisani kwa sauti kubwa, na mabinti wengi wamebatizwa kwalo. Tumwige, ndugu waamini: tuwatetee watu wetu, walio hai na waliolala, bila chuki na bila kuinamisha kichwa.