Mashuka ya Bi Meneja

Enzi hizo watu walikuwa bado wanashangaa kwamba mtu mwenye kwake anaweza kulipa ili alale kando ya maji. Hoteli ndiyo kwanza imefunguliwa, na meneja aliyeletwa kutoka mbali alishindwa na mbu, akaondoka zake. Mwenye hoteli akamkabidhi funguo msimamizi wa vyumba, mwanamke aliyeachika mwenye mtoto mdogo, kwa sharti moja: alale palepale hotelini. Mtoto akapelekwa kwa mama yake mdogo. Wapishi walivunjika mbavu kwa kucheka, eti watatumwa na mwanamke. Haukupita muda wakawa wanasimama akipita, wakimwita Bi Meneja.

Kazi aliijua, hilo hata mahasidi wake walikubali. "Mgeni akiaga akasema atarudi, msikilize vizuri," aliwafundisha wasichana wa mapokezi. "Akitaja siku, mwekee chumba. Asipotaja, panda ukatandue mashuka. Huyo kaenda."

Hakukosea. Lakini kila likizo hoteli ilifurika, na binti yake alivaa gauni jipya akamsubiri kwa mama mdogo, mpaka akachoka kusubiri, akakua.

Alipostaafu alipigiwa makofi, akapewa saa ya ukutani. Akajenga nyumba ndogo yenye chumba cha binti yake, ambaye ndoa ilikuwa imemshinda huko alikoolewa. Sasa alitaka jambo moja tu duniani, mwanawe aje wakae pamoja. Wageni chungu nzima aliwajua hadi mito waliyoipenda; wa kumzaa mwenyewe hakujua hata hulalia upande gani.

Binti akaja. Bi Meneja alitandika kitanda shuka likakaza kama ngozi ya ngoma, akakunja taulo, akafunika glasi ya maji kwa kisahani. Asubuhi alibisha hodi, akajikuta akiuliza, "Umelalaje? Kuna chochote unahitaji?"

"Hapana, mama. Kila kitu kizuri." Binti alikuwa amekaa kwenye kiti, mkoba umeshafungwa.

"Si ulisema utakaa?"

"Nilisema nitajaribu. Naenda kwa mama mdogo, kule nimezoea. Usinielewe vibaya. Hapa naogopa hata kukalia kitanda."

"Lakini hapa ni kwenu, mwanangu."

"Najua, mama."

Alimsindikiza hadi barabarani, akambebea mkoba ingawa alikatazwa. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno ya kumwomba radhi kwa zile likizo zote. Gari liliposimama, mdomo uliozoea wageni ukamtangulia.

"Asante kwa kuja," alisema. "Karibu tena."

Binti alimtazama, kisha akatabasamu kwa adabu. "Nitarudi, mama."

Bi Meneja alisubiri ataje siku. Mlango wa gari ukafungwa, gari likaondoka. Akarudi nyumbani, akasimama katikati ya kile chumba akalia, wala hakujifuta machozi. Kisha akainama, akaanza kutandua mashuka.