Senene wa Mzee Luhaga

Wiki nzima Coletha hakukalika. Akiketi kwenye hadubini katika chumba alichopanga Mikumi, anainuka. Akitoka barazani kutazama malori ya Iringa, anarudi ndani. Mtafiti mwenzake, Innocent, alimwambia, "Dada, ripoti imekamilika. Umebaki wewe tu kuridhia."

Kilichomkwamisha ni mdudu mdogo wa kijani, jamii ya senene, anayeishi misituni. Miaka ya nyuma baba yake, Mzee Luhaga, aliwapeleka watafiti milimani juu ya Kilosa, na mdudu huyo akamtua begani. Alikuwa hajawahi kuandikwa popote, nao wakampa jina la mzee. Kijiji chao chote cha Tindiga kiliijua habari hiyo. Mzee aliisimulia mnadani, harusini, hata msibani.

Sasa Coletha mwenyewe ndiye aliyegundua kwamba mdudu aliwekwa pasipo pake, katika jenasi, yaani ukoo wa wadudu, usio wake. Vibanio vya mkiani, ambavyo dume humshikia jike, havikufanana kabisa na vya wenzake wa jenasi ile. Ilibidi aondolewe humo.

Jumamosi akaenda Tindiga. Alimkuta baba yake zizini, anakagua ndama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona hukupiga simu?"

Akamweleza. Mzee, aliyewahi kuhamishwa mara mbili pamoja na ng'ombe wake kabla ya kufika Tindiga, akamwacha ndama.

"Nani kasema ahame?"

"Mimi, baba."

Mzee akampa mgongo, akajipenyeza katikati ya ng'ombe. Coletha akamfuata, viatu vikizama kwenye samadi.

"Jina lako linabaki. Linalobadilika ni lile la kwanza, kama la ukoo."

"Huko anakokwenda ana wenzake?"

"Hana. Tumemfungulia jenasi mpya. Yuko peke yake."

"Kama sisi tulivyofika hapa," alisema mzee. "Una hakika na hivyo vibanio?"

"Ninayo."

"Basi andika. Usiseme uongo kwa ajili yangu."

Lakini hakumsindikiza hadi barabarani. Coletha aliridhia ripoti jioni ileile, na bado moyo ukakataa kutulia.

Ripoti ilipochapishwa, mzee alipiga simu mwenyewe. "Lini tunapanda milimani? Mdudu wangu atafutiwe ndugu."

Wakapanda. Hadi adhuhuri walikuwa wamefunua majani hadi vidole vikawauma, hawajapata kitu, na mzee alikwisha kuvuka kijito, akimwita binti yake aharakishe.