Katikati ya Nyusi

Dada yangu alifundishwa salamu mbele ya kioo. Mama alikuwa fundi cherehani, na kioo kilikuwa kile kirefu cha wateja, chenye ufa pembeni. Kila asubuhi kabla ya shule alimsimamisha hapo, akamshika kidevu na kumuuliza habari za nyumbani. Dada alikuwa na miaka saba, na alijibu alichoulizwa: kwamba bomba la jikoni linavuja, kwamba baba hakurudi jana, kwamba mdogo wake amekojoa kitandani. Huyo mdogo wake ni mimi, na habari hiyo ilifika hadi kwa mwalimu mkuu. Mama alimgonga utosini kwa subana, kile kikofia cha chuma anachovaa kidoleni akishona.

"Wewe sema nzuri tu," alimwambia. "Hata kama nyumba inaungua, sema nzuri."

Halafu kulikuwa na suala la macho. Dada alikuwa hawezi kumtazama mtu machoni. Alisema macho ya watu yana kelele, na akilazimishwa alitapika. Mama hakuwa mtu wa kushindwa na mtoto. Aligundua kwamba ukimtazama mtu katikati ya nyusi, mwenyewe hajui tofauti, hudhani mmeonana macho kwa macho. Wakafanya mazoezi miaka miwili. Alipofika darasa la nne majirani walikuwa wakimsifu kwa adabu, wakiwaambia watoto wao wamwige. Usione vyaelea, vimeundwa.

Kwa sisi wa nyumbani hakujisumbua. Mimi aliongea na kifungo cha shati langu maisha yake yote. Alinisimulia mambo marefu, ya kuchekesha mengine, huku akikitazama kifungo cha pili kutoka juu, na nilijua kwamba hapo ndipo alipopumzika. Wageni walipata nyusi. Mimi nilipata kifungo, na nilijivunia kuliko nilivyowahi kumwambia.

Sitaki mama aonekane katili. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na mtu mzima aliyefungiwa chumba cha uani tangu utoto wake. Hatukumwona, tulimsikia tu akigonga ukuta. Mama ndiye aliyemshonea nguo, suruali zisizo na vifungo, kila mwaka saizi kubwa zaidi. Aliingia mle ndani na utepe wake wa kupimia. Nadhani kila alipomshika dada kidevu mbele ya kioo alikuwa akiusikia ule ukuta.

Dada aliolewa, akakaa miezi kumi na moja. Wajumbe wa posa walipokuja, mama alijibu kila swali kwa niaba yake, na akajibu vizuri mno. Huko alikokwenda, mama mkwe alimuuliza kama chakula ni kitamu, naye akasema kina chumvi nyingi, na cha jana pia. Hakuwa anagomba. Alikuwa ameulizwa. Alirudi na sanduku lake, nguo zimekunjwa vizuri kuliko zilivyokwenda, na hakuna aliyemposa tena.

Kukunja ndiko kulikomwokoa. Alipata kazi katika idara ya kufulia ya hospitali, chumba cha nyuma, ambako mashuka yaliyokauka huletwa kwa toroli. Alilinyanyua kila shuka mbele ya dirisha kutafuta tundu, akalikunja mara nne, akaliweka juu ya lingine pembe kwa pembe. Walimwita Bi Mkunjo, kwa utani na kwa heshima. Manesi walisema wodi zote zinajua shuka lililopita mikononi mwake. Alikaa mle miaka ishirini na sita peke yake, mlango umefungwa, na alikuwa mtu mwenye furaha. Nalisema hili kwa sababu watu walimwonea huruma, na hakuwa mtu wa kuonewa huruma.

Kisha akaja msimamizi mpya, mwenye bidii ya kubadilisha vitu. Akaamua ukunjaji uhamie ukumbi wa mashine ili toroli zisizunguke. Mle ukumbini kuna mashine sita za kufulia, nne za kukaushia, redio, king'ora cha kumaliza mzunguko, na wanawake kumi na wawili wanaopiga soga juu ya hayo yote. Dada alivumilia siku tatu. Siku ya nne walimkuta chini ya meza amejifunika shuka gubigubi, ameziba masikio, anahesabu kwa sauti. Mmoja akasema ni mapepo. Mwingine akasema ni pombe, dada ambaye hajawahi kuonja hata bia. Msimamizi alimwambia kazi ni ile ile, kuta ndizo zimebadilika. Akamrudisha chumba cha nyuma kwa siku sitini tu: ndani yake alete barua ya daktari yenye sababu, abaki huko, au akubali ukumbi, au aondoke.

Aliyemwonyesha njia ni nesi wa wodi ya watoto, ambaye mtoto wake ana usonji. Alikuwa amemwangalia dada miaka mingi wakati wa kuchukua mashuka, akakaa kimya, maana si jambo la kumwambia mtu mzima ovyo. Safari hii alimpa kikaratasi kilichokunjwa mara tatu, cha kuwaelimisha wazazi. Dada alikisoma akiwa amesimama. Jioni alikuja nacho nyumbani, akakiweka juu ya magoti yangu.

"Soma, mdogo wangu," aliniambia. "Wameandika habari zangu na hawanijui."

Alikuwa na miaka arobaini na saba. Maisha yake yote aliambiwa mkaidi, mwenye kiburi, mzito, baridi, na yeye aliamini, akajitahidi kuacha, akashindwa. Sasa kumbe kuna jina, na kuna wengine wengi, na hakuna aliyekosea. Alinunua daftari la bluu akaanza kuandika yote anayokumbuka, kurasa kumi na moja, kila ukurasa na namba yake. Alimwambia jirani kupitia ua, "Mimi nina usonji," kama mtu anavyosema nina miguu mirefu. Wiki zile nilimsikia akiimba bafuni. Nilifurahi naye, na nikaogopa pia, kwa sababu mama alipoisikia ile habari ya jirani aliweka kikombe chini na hakukinyanyua tena.

Daktari wa mambo hayo alikuja hospitalini kila baada ya miezi mitatu, na siku yake iliangukia ndani ya zile sitini. Sharti lake lilikuwa moja. Mtu mzima hapimwi kwa maneno yake tu. Lazima aje na aliyemlea, aseme utoto wake ulikuwaje, maana usonji huanza na mtu tangu utotoni. Baba alishakufa. Mimi ni mdogo kwa miaka mitano, dada akiingia darasa la kwanza nilikuwa bado nagombania ziwa la mama. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yetu ilikuwa mama, miaka themanini, macho bado makali ya kutunga uzi kwenye sindano.

Tulikaa watatu kwenye benchi la korido. Dada aliitwa kwanza. Mlango haukufungwa vizuri, nikasikia salamu zao: hujambo, sijambo, habari za nyumbani, nzuri, za kazi, nzuri, za safari, nzuri. Zilitoka laini kama maji. Daktari alimuuliza kama kelele zinamsumbua. Dada alikisikiliza kile chumba, akasema hapana. Kilikuwa chumba kimya. Alimuuliza kama alikuwa na rafiki shuleni, akasema ndiyo, kwa sababu kulikuwa na msichana aliyeketi karibu naye miaka saba. Hayo mengine, alijua, yako kwenye daftari.

Alipotoka, ilikuwa zamu ya mama na mimi. Dada alimpa mama daftari mikononi.

"Mama, mpe daktari. Ukurasa wa tatu ndio muhimu zaidi."

Mama alilifungua hapo hapo kwenye ukurasa wa tatu, akasoma taratibu, kidole chini ya mstari. Nilikuwa nimeshausoma. Ulikuwa ukurasa wa kioo, na salamu, na nyusi, na subana. Hakukuwa na lawama ndani yake, dada hajui kulaumu, ameandika tu jinsi ilivyokuwa. Mama alilifunga, akalitia kwenye mkoba wake, akasema twende.

Mle ndani alijibu kama aliyeketi na wajumbe wa posa. Mtoto alisema mapema kuliko wenzake. Alicheza na kila mtu, tena alikuwa kiongozi wa michezo. Hakuwahi kulia kwa kelele, hakuwahi kuchagua nguo, hakuwahi kukasirika mambo yakibadilika. Macho je, aliwatazama watu? Mama akacheka, akamuuliza daktari, mwanangu, wewe mwenyewe hukumwona? Daktari akakubali kwamba kwa kweli alimtazama vizuri sana. Akauliza kama kuna ripoti za shule, barua, maandishi yoyote ya kumsaidia. Mama akasema hakuna. Mkoba ulikuwa sakafuni kati ya miguu yake, na pembe ya daftari la bluu ilichungulia.

Daktari alinigeukia mimi. "Na wewe, kaka, una la kuongeza?"

Mimi ni fundi umeme. Nabishana na wakandarasi kila siku, nimewahi kumtoa mtu nje ya jengo lake mwenyewe kwa sababu nyaya zake zingeua watu. Nilitazama ile pembe ya daftari. Nilijua kinachoamuliwa pale ni nini. Lakini kumfanya mama yangu mwongo mbele ya mtu wa nje, akiwa amekaa kando yangu na kitambaa chake cha kichwa cha sikukuu, ulimi ulikataa.

"Mama amesema yote," nilisema.

Barua ilitoka siku ile ile. Ilisema hakuna dalili zozote za utotoni, kwamba ni wasiwasi na uchovu, na kwamba anaweza kuendelea na kazi yoyote idarani. Kwenye ngazi mama alinishika mkono ili ashuke, akaniegemea, mwepesi kama kapu tupu. Dada alikuwa mbele.

"Nimemsitiri mwanangu," alininong'oneza. "Hawatamfungia."

Nilikuwa na hasira hadi masikio yanawaka, na sikujua nimkasirikie nani, kwa kuwa midomo iliyofungwa mle ndani ilikuwa miwili.

Nyumbani dada alinifuata nilipokuwa navua viatu. Aliikunjua barua, akaikunja, akaikunjua. Kisha akaongea na kifungo changu.

"Daktari alilisoma daftari?"

Ningeweza kusema kweli. Mama alikuwa chumba cha pili, mlango wazi.

"Alilisoma," nilisema.

"Lote?"

"Lote."

Hakuwa na sababu ya kutoniamini. Hakuwahi kuwa nayo.

"Basi si usonji," alisema. "Basi ni mimi tu."

Alikwenda ukumbini kwa wiki saba. Alisimama mezani, akakunja, akamwambia nzuri kila aliyemsalimia, na msimamizi akaniambia njiani kwamba unaona sasa, alikuwa anadeka tu. Alikonda mpaka pete ya kumbukumbu ya baba ikawa inamtoka kidoleni. Asubuhi moja hakuamka. Hakuwa na homa. Alilala akitazama ukuta, na kwa miezi mitatu hakusema neno hata moja, kwangu wala kwa mama. Kazi alipewa mwingine. Aliporudi kusema alisema machache, akaomba ahamie chumba cha uani, mbali na jiko. Mlango hatukuufunga sisi. Aliufunga mwenyewe, kwa ndani.

Mama alikuwa akipita pale mlangoni na sahani, anaiweka chini na kuondoka haraka. Alikufa mwaka uliofuata. Sikuwahi kumuuliza kitu. Mficha maradhi kilio humfichua, watu husema, na kwetu kilio kilifichua kweli: nilipofungua droo ya cherehani kutafuta hati zake, daftari la bluu lilikuwa chini kabisa, na subana juu yake.

Nilikaa nalo wiki mbili kabla ya kugonga mlango wa uani. Dada alilipokea, akahesabu kurasa, zote kumi na moja, akakagua kama namba zimefuatana.

"Daktari hakulisoma," alisema.

"Hakulisoma."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua, dada. Nilikuwepo."

Nilimwambia yote, mkoba, pembe, swali, jibu langu. Nilimwambia daktari bado anakuja, tutarudi, safari hii nitasema kila kitu, nitaapa akitaka. Nililia, sioni haya kulisema. Yeye alinisikiliza hadi mwisho, akilinyoosha jalada la daftari kwa kiganja kama shuka.

"Wanataka aliyenilea," alisema. "Na yeye alishasema. Na wewe ukasema amesema yote."

Kisha akaniomba nimwache apumzike, nikatoka.

Asubuhi nilimpelekea chai. Alikuwa ameketi kitandani, daftari halionekani, kitanda kimetandikwa pembe kwa pembe. Nilisimama mlangoni na kikombe, nikasema, "Habari za asubuhi, dada," nikisubiri atazame kifungo.

Aliinua uso, akayaweka macho yake katikati ya nyusi zangu.

"Nzuri," alisema.