Diski Niliyompa Mtu wa Mashua

Laiti ningesema hapana pale ufukweni, vyuma vya kompyuta yetu vikiwa bado mikononi mwangu. Nilisema ndiyo, na hakuna aliyenishika mkono.

Kompyuta hiyo tulivuka nayo kutoka Kongo, imefungwa kwa blanketi mbili, mke wangu ameipakata mashuani kama mgonjwa. Haikuwa ya kazi. Ilikuwa ya mpira, ule mchezo wa kuendesha timu: unawapa wachezaji majina, unacheza msimu baada ya msimu. Mke wangu huuza samaki hapa Nchelenge, upande huu wa ziwa. Kila mwaka serikali inapofunga uvuvi ili samaki wazae, beseni zake hukaa tupu, naye mchana alikuwa akija kuketi kando yangu tucheze. Nilimfundisha kwa mzaha; mwaka haukwisha, akawa ananifunga.

Wachezaji wake aliwapa majina ya watu wa kwao waliobaki ng'ambo, mbali sana na ziwa, ambao hatukusikia habari zao tena. Kaka yake mkubwa alikuwa beki.

"Angalia huyu," alikuwa akisema, "hata kule alikuwa mvivu wa kukimbia. Acha abaki nyuma!"

Hatukuwa na picha hata moja ya watu hao.

Mashine ikazeeka. Ikawa inakwama katikati ya mechi, feni inanguruma kama kinu cha unga. Nikaamua kuibadilishia moyo wote: ubao mkuu, prosesa, memori.

"We papa, hii iko inatembea, inafanya kazi bado," mke wangu alisema. "Inachoka kama wewe. Nikubadilishe na wewe?"

"Mimi sina vipuri."

Tulicheka. Lakini nilikuwa nimekwisha kuamua, na mimi nikiamua huwa sisikii tena.

Mchuuzi wa ng'ambo alileta vifaa. Kubadilishana huku kati ya pande mbili za ziwa kuna desturi yake: mashua iliyoleta kipya huondoka na cha zamani, kikiwa sehemu ya malipo, siku hiyohiyo, kabla upepo haujageuka, hata kama kipya hujakijaribu. Nilifungua mashine nyumbani, nikabeba vyuma vyake vyote, hata diski ya kumbukumbu ambayo sikukusudia kuitoa, ufukweni katika beseni ya samaki. Mchuuzi akavitazama.

"Mzee, haitoshi. Ongeza ile diski. Nitakupa yenye iko kubwa zaidi."

"Ndani mna mchezo wetu."

"Mchezo! Mzee muzima na mchezo! Utaweka mwingine. Sema haraka, bateau iko tayari kuvuka, haingoje mutu."

Waliokuwa wakipakia mizigo wakacheka. Siwezi kusema sikujua kilichokuwa ndani. Nilijua vizuri. Niliona aibu, nikampa.

Vifaa vipya vilifanya kazi bila kasoro. Nikaweka mchezo upya, nikamwita mke wangu. Akatafuta timu yake, akatafuta tena.

"Batu bangu beko wapi?"

Nilimweleza yote, kwamba watu wake wameondoka na diski. Nikasema nitaandika majina upya, siku hiyohiyo.

"Majina iko mu kichwa yangu," alisema. "Ile yote walicheza, utaiandika?"

Akainuka.

Wiki ile nilivuka ziwa, nikampata mchuuzi sokoni kwao. Diski alikuwa ameifuta na kuiuza. Nikaomba jina la mnunuzi, nikamfuata, nikaikuta diski ndani ya kompyuta yake, imejaa nyimbo za kwaya. Fundi mmoja akajaribu kurudisha yaliyofutwa, wa pili akajaribu. Hata baada ya hapo nilivuka mara mbili zaidi kutafuta fundi wa tatu, kwa maana sikutaka kuwa mtu aliyejaribu nusunusu. Hakuna kilichopatikana.

Mwaka huu uvuvi umefungwa tena. Mchana mke wangu huenda kusuka mikeka kwa jirani. Tunakula pamoja, tunasali pamoja, wala hanitukani. Lakini hajaketi tena kando yangu mbele ya mashine, wala hawataji tena ndugu zake, hata yule mvivu wa kukimbia. Mashine haikwami. Nilitoa ndugu za mke wangu ili niipate, na mke wangu hanitanii tena.