Chai Chini ya Lori

Jumanne, kwenye foleni ya malori pale Malaba, dereva mmoja alikuwa amelala chini ya lori lake lililoinuliwa kwa jeki tu. Mkono ukachomoza. "Mama, nipe chai hapa."

Muuza chai akakumbatia birika lake. "Toka kwanza. Mimi sipeleki chai kaburini."

"Jeki imeshika, mama!"

"Basi chai pia imeshika birika."

Sisi tuliokuwa kwenye foleni tulicheka. Dereva akatoka akinung'unika. Hajamaliza nusu kikombe, jeki ikateleza, na lori likatua kwa kishindo pale pale alipokuwa amelala.

Dereva akaweka kikombe chini, akaenda kuazima stendi za chuma za kuegemeza lori. Nami nikawawaza madereva wasiokunywa chai.

"Weka mbili, boss!" mama akapaza sauti. "Mimi siko hapa kila siku."